Mashine ya leza ya faiba ya MOPA, wati 20: inachonga kalamu mchana, inapima injini ya setilaiti jioni

Nianze na hukumu, maana najua wengi wenu mnasoma mapitio mkitafuta neno moja tu: nunua. Ila nunua yenye MOPA, yaani inayokuruhusu kubadilisha muda wa pigo la mwanga, uache ile ya kawaida hata muuzaji akikupunguzia, na usiongeze pesa kwa ajili ya wati. Hayo mawili ndiyo nitakayoyaeleza hapa, na sababu zangu si zile utakazozisikia kwa wachongaji wenzangu.

Mimi nina kiduka cha kuchonga Mombasa. Kazi zangu ni kalamu za zawadi, vikombe vya ushindi, mikufu ya fedha, vibao vya milango ya ofisi, na msimu wa harusi ukifika ni vijibao vya majina ya wageni mpaka macho yanauma. Mashine ninayoizungumzia niliiagiza China, leza ya faiba ya wati 20, mwanga wa nanomita 1064 usioonekana kwa macho, kichwa cha galvo, yaani vioo viwili vidogo vinavyoupeleka mwale huku na kule kwa kasi. Mpaka imefika dukani na ushuru wake ilinila zaidi kidogo ya laki nne za Kenya. Kwa kazi ya duka inajilipa yenyewe, hilo sina haja ya kulirefusha.

Kilichonifanya niandike ni mpwa wangu. Anasoma uhandisi Nairobi, mwaka wa mwisho, na mradi wake ni injini ya setilaiti ndogo, ile ya mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Injini yenyewe haina tangi la gesi wala haiwashi moto. Leza inapiga uso wa kipande cha plastiki kwa pigo fupi sana, tabaka jembamba la plastiki linageuka mvuke ghafla, mvuke unaruka kwa kasi upande mmoja na setilaiti inasukumwa upande wa pili. Chuoni leza inayofaa ina foleni ndefu. Likizo alipokuja dukani akasimama akaitazama mashine yangu ikichonga bamba la shaba, akasema, "Kumbe mjomba unayo hapa, na unawachongea watu majina tu!"

Basi nikamfungulia duka jioni baada ya wateja kuondoka, na mashine nikaijua upya.

Tuanze na MOPA yenyewe. Leza za faiba za bei nafuu zinatoa mapigo ya urefu mmoja, karibu nanosekunde 100, na huwezi kuyabadilisha. Yenye MOPA inakuruhusu kuchagua muda wa pigo kwenye kompyuta, kuanzia nanosekunde 2 mpaka mia mbili na zaidi. Wachongaji tunaipenda kwa sababu inaweza kutia rangi kwenye chuma kisichoshika kutu na kuandika maandishi meusi kwenye alumini. Mpwa wangu aliipenda kwa sababu nyingine kabisa. Katika injini hii muda wa pigo ndio usukani. Nguvu ya leza inakwambia utapata msukumo kiasi gani kwa jumla, lakini muda wa pigo, pamoja na upana wa doa la mwanga, ndivyo vinavyoamua kama nguvu hiyo itageuka msukumo au itapotea kwenye joto.

Alinieleza hivi, na kwa kuwa ilinichukua muda kuielewa nitaiandika polepole. Ukipiga plastiki kwa nishati kidogo, inapata joto tu, inayeyuka kidogo, hakuna kinachoruka. Ongeza nishati kwenye eneo lile lile na inafika mahali mvuke unalipuka na msukumo unapanda. Ongeza tena, na mvuke wenyewe unawaka ukawa plazma, gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme, na plazma hiyo inasimama mbele ya mwale kama pazia: mwanga unaofuata unaipasha plazma badala ya kuifikia plastiki. Kwa hiyo kuna kilele, na kazi yote ya kuiboresha injini ni kukaa jirani na kilele hicho. Kuna kanuni ya vitendo wanayoitumia wanaofanya kazi hii kwamba kilele kinahama kwa kipeuo cha pili cha muda wa pigo. Kwa pigo la nanosekunde 100 kiko takriban juli 15 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa nanosekunde 10 kinashuka mpaka kama 5.

Sasa chukua mashine yangu. Karatasi yake inasema pigo kubwa kabisa ni karibu milijuli 0.8. Kwa lenzi niliyonayo, ya fokasi ya milimita 160, doa ukiliweka sawasawa ni kama mikroni 40. Fanya hesabu: hiyo ni zaidi ya juli 60 kwa sentimita ya mraba. Umepita kilele mara nne! Mimi maisha yangu yote ya uchongaji nimekuwa nikitafuta fokasi kali kabisa, nazungusha gurudumu la mnara unaobeba kichwa mpaka cheche zilie ile sauti yake kali, na hapo ndipo kazi inatoka safi. Mpwa wangu akaja akazungusha gurudumu upande wa pili, akalitoa doa kwenye fokasi mpaka likawa mikroni 80 hivi, na sauti ikabadilika ikawa nzito, ya kupwaya. Kwa kuchonga ni uharibifu. Kwa msukumo ndipo mahali penyewe, kwa sababu doa likiwa pana mara mbili nishati kwa eneo inashuka mara nne, inarudi karibu na ile 15.

Ndiyo maana nasema wati si hoja. Mashine ya wati 50 ingetuweka mbali zaidi na kilele, tena kwa pesa zaidi. Na juu huko kwenyewe hakuna wati 50. Setilaiti ya mchemraba mmoja inaishi kwa wati chache za paneli zake. Ukiipa injini wati 2, kisha nusu ya hizo ikapotea ndani ya diodi inayotoa leza, umebaki na wati 1 ya mwanga. Plastiki iliyotengenezwa vizuri inatoa kama mikronyutoni 100 kwa kila wati, basi una mikronyutoni 100. Kwa kitu cha kilo 1.33, ukifyatua saa nzima bila kusita, unaongeza mwendo kwa sentimita 27 kwa sekunde. Unaweza kucheka. Lakini kwenye kimo cha kilomita 400 sentimita 27 hizo zinakuinua karibu nusu kilomita, na hata mvuke ukitoka kwa mita 1,000 tu kwa sekunde utakuwa umetumia chini ya nusu gramu ya plastiki.

Hapa nitoke nje kidogo. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuwa mchemraba huo huo mmoja. Ilitolewa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018 na kufikia 2020 ilikuwa imeshashuka na kuungua. Haikuwa na injini. Hewa nyembamba ya huko juu iliivuta chini taratibu, na hakuna aliyeweza kufanya lolote. Sisi watu wa pwani habari za anga si ngeni kwetu. Ngomeni, kule kaskazini ya Malindi, jukwaa la San Marco bado limesimama baharini, na Desemba 12, 1970 ndipo iliporushwa setilaiti ya miale ya eksi iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku ilikuwa ni ya Uhuru wa Kenya. Wazee wa Ngomeni wanaikumbuka minara ile kuliko vijana wa chuo.

Turudi dukani. Kitu ambacho mashine hii inakifanya vizuri kuliko nilivyotarajia ni kupima. Tulitundika kipande cha plastiki nyeusi, chenye uzito wa gramu moja hivi, kwa nyuzi mbili za sentimita 10, tukabandika kijikioo nyuma yake, na tochi ya leza nyekundu ya kufundishia ikawa inamulika kijikioo hicho na kurudisha nukta kwenye ukuta ulio mita 3 nyuma. Pigo moja la milijuli 0.8, kwa hesabu, linasogeza nukta ukutani nusu milimita. Hilo jicho haliwezi kuliamini, hasa feni ikiwa inazunguka. Lakini mapigo mia moja kwa mfululizo yanaisogeza karibu sentimita 5, na hapo hata mlinzi wa jengo anaona.

Tatizo ni kwamba mapigo mia mahali pamoja yanachimba shimo, na ndani ya shimo mvuke hautoki sawa. Hapa galvo ndiyo inayostahili sifa. Unachora mstari wa wima wa milimita 8, unaweka mapigo 25,000 kwa sekunde na mwendo wa milimita 2,000 kwa sekunde, na kila pigo linaangukia plastiki mpya, doa kando ya doa, mia moja ndani ya milisekunde 4. Kwa pendulamu, yaani kipande hicho kinachobembea, inayochukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, milisekunde 4 ni teke moja tu. Mstari uwe wima na katikati, la sivyo kipande kinajizungusha badala ya kusogea. Ukiutazama mstari huo kwa lenzi ya sonara utaona vidoa vimepangana, kila kimoja na ukingo wake mweupe. Programu iliyokuja na mashine inafanya haya yote, ingawa menyu nusu yake ilikuwa kwa Kichina mpaka tulipoibadilisha. LightBurn nayo inaiendesha vizuri na ni rahisi zaidi kwa anayeanza.

Kichwa cha mashine kimefungwa kikitazama chini, nacho kwa pendulamu kinatakiwa kitazame mbele. Skrubu nne tu, unakigeuza. Hapo nawaomba msome polepole: mwale usioonekana, wa daraja la 4, ukienda mlalo kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa, ni hatari ya kupofua, na kupofuka kwenyewe hutasikia maumivu. Sisi tuliuelekeza kwenye ukuta wa matofali, hakuna dirisha, hakuna bamba linalong'aa nyuma, mlango umefungwa kwa ndani. Miwani ya kijani iliyokuja kwenye boksi la muuzaji haikuwa na maandishi yoyote ya nanomita wala kiwango cha kuzuia. Niliitupa. Nunua miwani iliyoandikwa 1064 na OD (ndicho kiwango cha kuzuia) 6 au zaidi, mbili, maana hatari haichagui mwenye duka na mgeni wake.

Na hewa. Ukipima ndani ya hewa ya kawaida utapata msukumo mkubwa na utafurahi bure, kwa sababu hewa iliyo mbele ya plastiki inalipuka pia na kusukuma. Vyombo vya mwanzo vya mhandisi Leik Myrabo vilivyopaa kule White Sands, Marekani, vikipigwa kutoka chini na leza ya kilowati 10, vilikuwa vinaitumia hewa hiyo makusudi. Juu kwenye obiti hewa hiyo huna. Kwa hiyo tuliazima pampu ya ombwe ya fundi wa friji, ile anayonyonyea mabomba kabla ya kujaza gesi, na mtungi mzito wa kioo wa maabara. Nukta ukutani ikapungua mwendo mara moja, na hizo ndizo namba za kuamini. Mwanga wa 1064 unapita kioo bila shida.

Shida ni kwamba masizi yanarudi na kutua kwenye kioo mahali pale pale mwale unapopita, na kila mstari unaopiga unakuwa dhaifu kuliko uliotangulia. Hilo si kosa la mashine; ni ugonjwa wa injini yenyewe. Mwanafizikia Claude Phipps na wenzake kule New Mexico, waliotengeneza injini ndogo ya aina hii yenye diodi za leza, waliutibu kwa utepe: plastiki angavu upande mmoja, na upande wa pili tabaka jeusi linaloungua. Leza inaingilia upande angavu, inapita, inalipua tabaka jeusi kwa nyuma, na mvuke unakimbilia nje mbali na lenzi. Utepe unasogea kama kaseti na kila pigo linapata mahali papya. Mpwa wangu anajaribu kupaka wino wenye kaboni kwenye karatasi ya plastiki angavu, na mashine inaupiga kwa nyuma bila malalamiko.

Kuhusu vitu vya kupiga: plastiki nyeupe au angavu msihangaike nayo, mwanga huu unapita au unarudi tu. POM nyeusi, ile ya kuchongea gia, inafanya kazi vizuri sana, lakini moshi wake una fomaldehidi, kwa hiyo feni ya kutolea nje iwe imewashwa na bomba lake lifike nje kweli. PVC ndiyo inayochekesha. Kwetu sisi wachongaji ni haramu kuiweka chini ya leza, kwa sababu gesi yenye klorini inayotoka inakula vioo vya galvo na mapafu, na ni PVC hiyo hiyo iliyokuwa kwenye tepe za mwanzo za injini hizi. Mpwa wangu aliomba. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Akaipige kwenye mtungi wa chuo.

Shaba na alumini tulijaribu pia, na hapo muda wa pigo unajionyesha waziwazi. Metali zinasambaza joto haraka, kwa hiyo pigo refu linapotelea ndani. Fupisha pigo na mvuke unatoka, kidogo lakini kwa kasi kubwa. Na hili ndilo jambo ambalo mpwa wangu alinichorea nyuma ya risiti: ukizidisha msukumo kwa kila wati na kasi ya mvuke, jibu haliwezi kuzidi mara mbili ya ufanisi. Mikronyutoni 400 kwa wati, basi kasi yako haivuki mita 5,000 kwa sekunde hata ufanisi ukiwa kamili. Ukitaka kasi ya 20,000 ili plastiki yako idumu, kubali mikronyutoni 100. Pa kutorokea ni mahali pamoja tu: vifaa ambavyo vyenyewe vina nishati ya kemia ndani, kama polima ya GAP, ambavyo leza inaviwasha tu na vyenyewe vinaongeza. Hivyo sivileti dukani kwangu.

Malalamiko ya mashine sasa. Nukta nyekundu ya kuonyesha mwale utapita wapi ilikuwa imepotoka milimita mbili, na kuirekebisha unafungua kifuniko ambacho kina kibandiko cha kukufutia dhamana. Muuzaji nilimuuliza kwa barua, akajibu baada ya majuma, kwa video isiyo ya mashine yangu. Mapigo mafupi, yale ya nanosekunde 2 mpaka 10, yanakuja na nishati ndogo sana, na hilo halikuandikwa kwenye tangazo. Kuyafikisha kwenye kilele unalazimika kurudi kwenye fokasi kali. Na hewa ya bahari haiipendi: ukizima kiyoyozi usiku na kuiwasha asubuhi, lenzi inatoka jasho. Mimi naiacha imefunikwa na pakiti za kukausha unyevu, na siiwashi mpaka chumba kipoe na kukauka. Stima ikikatika katikati ya mstari hakuna kinachoharibika ila kipande chako, lakini weka UPS.

Kwa wanafunzi watakaouliza kama leza yenyewe inaweza kupanda kwenye setilaiti: hapana. Boksi lake peke yake ni kubwa na zito kuliko setilaiti nzima, na linapozwa kwa feni, ambayo huko juu haina hewa ya kusukuma. Hii ni ya kutafutia namba: kifaa gani, pigo la urefu gani, doa la upana gani. Diodi utakazorusha zitatoa mapigo ya milisekunde, na kwa urefu huo metali hazifai kabisa, ni plastiki tu. Kwa hiyo unayoyapima hapa kwa nanosekunde hayahami moja kwa moja. Jipangie pia diodi ya bei rahisi ya wati kadhaa na swichi yake, ulinganishe.

Ukiagiza, kabla ya kulipa mwombe muuzaji vitu viwili kwa maandishi: jedwali la nishati kwa kila muda wa pigo, na ukubwa wa doa kwa lenzi atakayokupa. Akikujibu kwa wati tu, tafuta mwingine. Na lenzi ya pili agiza humo humo kwenye mzigo, kwa sababu ya kwanza itapata masizi kabla hujajua kuisafisha, na kuileta peke yake baadaye, mimi ilinigharimu usafiri kuliko lenzi.